Kamusi ya Polycarpe

Mjomba wangu Lucien hapendi hadithi za wachawi. Mwaka 1992 alikuwa mmoja wa mafundi wachache wa kompyuta pale Bukavu, na mtu akimletea habari za mizimu humuuliza kama ameshakula. Hii alinisimulia mara moja tu, na hakucheka.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika, naye alikuwa kwenye kibanda chake mtaani Kadutu akifuta kibodi. Akaingia Firmin, mwalimu, mtu wa koti safi, akiwa na diski ngumu aliyoifunga ndani ya sweta.

"Papa Lucien, hii disque inagoma. Kamusi yetu ya Mashi iko yote mu ndani. Unitolee yote mu madisketi."

"Yetu? Haikukuwa ya marehemu Polycarpe?"

"Tuliandika wote wawili. Mu ukurasa wa kwanza utie jina yangu."

Uso mkavu kabisa! Mtaa mzima ulijua kwamba Polycarpe aliiandika peke yake kamusi hiyo ya Mashi, lugha yetu. Na ulijua alivyokufa. Kwetu, anayekukaribisha kinywaji huonja kwanza yeye, mbele yako, ndipo akupe kikombe, maana sumu ipo. Polycarpe alikunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nyumbani kwa Firmin, na hakungoja mwenye nyumba aonje. Angemshukuje? Firmin alikuwa baba wa ubatizo wa binti yake. Koo likavimba, sauti ikapotea, akazikwa kabla ya Pasaka. Mjane wake, Apolline, alibaki na kamusi hiyo tu. Parokia ilikuwa imeahidi kuichapa. Lakini kompyuta aliyoiandikia ilikuwa shuleni, na ufunguo alikuwa nao Firmin.

Mjomba aliiunganisha diski. Ikagonga tak, tak, ikanyamaza. Diski za siku zile zilikuwa zinanata kwa baridi, na dawa ilikuwa kuzipasha joto. Akaitia ndani ya shati, kwenye ngozi ya tumbo. Alitarajia chuma baridi. Ilikuwa na joto tayari, na ilikuwa inadunda polepole.

Akairudisha kwenye waya, ikazunguka. Majina ya mafaili yakajipanga kwenye kioo. Firmin akainama kuangalia. Diski ikasimama. Firmin akatoka kuvuta sigara, ikazunguka. Akarudi; ikasimama.

"Papa Firmin, ubakie inje," mjomba akanong'ona.

"Juu ya nini?"

Diski ilikuwa imeanza kutoa maji. Chuma kile hufungwa kiwandani, hata vumbi halipiti. Matone yakatoka kwenye skrubu, ya rangi ya udongo, yenye povu. Harufu ya kasiksi ikajaa kibandani. Firmin aliitambua, na mjomba aliona alivyoitambua.

"Onja kwanza."

Sauti ilitoka kwenye diski. Ya chini. Ya mtu mwenye koo lililovimba.

"Polycarpe, unihurumie," Firmin akanong'ona. "Binti yako ni mutoto wangu pia."

"Ile siku haukuonja. Onja kwanza."

Mkono wa kulia wa Firmin ukainuka. Aliushika kwa wa kushoto, akauvuta chini kwa nguvu zake zote. Akashindwa. Kidole kikagusa tone. Kikaenda mdomoni. Akalamba huku analia.

Koo likavimba. Sauti ikapotea. Ndugu zake wakampeleka kisiwani Idjwi kwa mganga wa kutapisha sumu, hakutapika kitu, akafa. Kwenye msiba wake nami nilikuwepo, na watu waliniambia nimhurumie. Sikumhurumia, na hata leo simhurumii.

Diski haikuzunguka tena mpaka siku ya mazishi ya Firmin. Ilizunguka kimya, mjomba akanakili kila kitu kwenye disketi, akampelekea Apolline. Yule mama akaenda kuzisoma kwenye kompyuta ya parokia. Akarudi kibandani na disketi mkononi.

"Papa Lucien, nani aliongezea humu?"

"Aliongezea nini, maman?"

"Bwana yangu alikufa akiwa mu herufi M. Alikuwa analia juu hataimaliza. Humu inafika mupaka Z."

Mjomba alichukua bisibisi, akaifungua ile diski mbele yake. Sahani za ndani, zile zinazobeba maandishi, zilikuwa zimekwanguka zote mpaka chuma kitupu, na kutu yake ilikuwa ya siku nyingi. Hapakuwa na mahali ambapo hata herufi moja ingeweza kukaa.