Dawa Isiyotuama

"Kipanga Mbili, mzigo uko ndani. Ingia."

Redio ya Motorola ikanyamaza.

Haroun Fadlalla aliruka ukuta wa mabati, bastola ya Browning mkononi, akatua kwenye tope la Kawangware. Mlinzi aligeuka. Alikuwa amechelewa. Ngumi moja tu, akalala.

Idara ya ujasusi ilikuwa imeliwinda sana genge hili la wageni walioingiza vidonge vya pumu vya magendo na kuvigeuza dawa ya maji ya watoto. Leo arubaini zao zilikuwa zimefika. Lakini Haroun, jasusi wa mtaa wa Makina asiyejua woga, alikuwa na hofu. Mfukoni alibeba chupa ya dawa ya Sumaya, mtoto wa dada yake Fatna.

Akapiga mlango teke.

Ndani alisimama mfamasia mmoja, koti jeupe, kinu mbele yake.

Wayua. Mwanamke ambaye angemuoa Desemba.

"Wewe?"

"Ni mimi, Haroun. Nilidhani ni kazi ya kawaida. Kuja kujua, nilikuwa nishazama."

Hasira ilimpanda, lakini alikuwa na jambo kubwa kuliko hasira. Akaweka chupa mezani.

"Sumaya anakunywa hii na pumu bado inammaliza. Vidonge anavitapika. Manesi wamegoma."

Wayua aliinua chupa kwenye mwanga. Maji matupu ya sukari.

"Nani alimpa?"

"Apiyo, jirani. Alinunua chupa moja akammiminia Fatna nusu."

Ndivyo walivyoishi Makina. Unga, mafuta ya taa, hata dawa, vyote viligawanywa mlango kwa mlango.

Wayua alijishika kichwa. "Vidonge ni vya ukweli. Lakini mdosi wetu alikataa tuweke gundi, eti ni ghali. Bila gundi dawa inazama chini. Sumaya amepata sukari ya juu tu. Mtoto wa Apiyo amebakiwa na ya chini, anakunywa dozi ya wawili. Apiyo asimwachishe ghafla, ampeleke kwa daktari leo leo."

"Tengeneza nzuri, Wayua. Tafadhali."

Redio ilikoroma. "Tunaingia. Kamata wote!"

Haroun alitazama mlango wa nyuma. Ulikuwa wazi.

"Toka. Sijakuona."

Wayua alikuwa ameshaanza kusaga vidonge. Akadondosha glisarini, akasaga mpaka ikawa uji mzito. Akaongeza sharubati yenye gundi, polepole, bila kupumzisha mkono.

"Toka, nakuomba!"

"Nikiacha sasa itafanya madonge. Shika chupa."

Nje, risasi zilipasua magurudumu ya gari la genge, Peugeot 504. Wageni wakapiga kelele, wakalazwa kifudifudi. Njama ilikuwa imekwisha.

Wayua alimimina, akafunga, akaipindua chupa. Unga ulibaki umeelea kote, haukutuama. Akaandika kipimo kwenye lebo.

Kisha akanyoosha mikono.

Haroun alimfunga pingu mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine amguse kwa ukali. 

"Fatna aitikise kila mara," Wayua alisema akilia. "Na asimgawie mtu."

Kamanda aliingia. "Kazi safi, Kipanga Mbili. Unamjua huyu?"

"Namjua," Haroun alisema. "Ni mchumba wangu."



Haroun alivaa miwani ya Ray-Ban ingawa hakukuwa na jua. Akatia chupa ndani ya jaketi, akatembea taratibu hadi kwenye pikipiki yake ya Yamaha. Nyuma yake Wayua alimwita kwa jina, mara moja tu.

Hakugeuka. Sumaya alikuwa akingoja kupumua.