Mpira wa Dhahabu Juu ya Vijiti Vitatu

Jumamosi, tarehe 12 Julai 1958. Asubuhi hiyo ukungu ulilala juu ya ziwa, na baridi kavu ya kiangazi iliwafanya watu wa Bukavu wafunge makoti hadi shingoni.

Katika ukumbi wa klabu ya kriketi, mtaa wa Ibanda, kombe lilisimama mezani bila kichwa. Vijiti vyake vitatu vya fedha vilikuwepo. Mpira wa dhahabu uliokaa juu yavyo haukuwepo.

Inspekta msaidizi Philémon Mushagalusa alifanya ishara ya msalaba, kama afanyavyo kabla ya kila kesi, kisha akainama. Skrubu haikuvunjwa. Mpira ulizungushwa taratibu, ukatolewa. Juu ya kitambaa cheupe cha meza palikuwa na doa kubwa la chai.

Mshukiwa alikuwa tayari kwenye benchi, mikono ndani ya pingu: Marcellin, mlinzi wa ukumbi.

"Ufunguo iko kwako peke yako?"

"Kwangu, chef."

"Jana ulimfungulia nani?"

Marcellin akatazama sakafu. "Andika ni mimi."

"Wewe uliiba?"

"Nimesema andika."

"Leo mchana kamishna anakutuma jela. Uko na watoto."

"Najua, chef. Niliwazaa mimi."

Philémon alistuka. Wezi hukana. Huyu alikuwa anazigombania pingu.

Mwenyekiti wa klabu, Bwana Nazarali, mwenye duka la vitambaa, alikuwa akizunguka ukumbini. Kombe lilikuwa jipya. Timu ya Kampala ilikuwa imesafiri kuja kulishindania kwa mara ya kwanza, na mechi ilikuwa mchana ule.

"Inspekta, niwaambie nini wageni? Wakishinda wachukue mishumaa mitatu?"

"Jana jioni kulitokea nini humu?"

"Karamu ya wageni tu. Nikawasimulia historia ya kombe."

"Nisimulie na mimi, vile vile."

Uso wa mwenyekiti ukachangamka. Vijiti, alisema, viliyeyushwa kutoka bangili ambazo bibi zao walivuka nazo kutoka India. Mpira ulichongwa na mishono yake yote, kama ule wa ngozi wanaoucheza, kwa dhahabu ya Mwenga, zawadi ya injinia mmoja wa migodi.

"Tena si dhahabu ya hivi hivi. Ni ya lile shimo lililoporomoka mwaka 1953. Mwaka uliofuata walilifungua kwa upande wa pili. Jiwe la kwanza lililotoka, injinia alilitunza. Ndilo mpira wetu."

Kalamu ya Philémon ikasimama. "Walilifungua?"

"Aliniambia mwenyewe."

"Nani alikuwa anasikiliza?"

"Sisi na wageni. Hakuna mtu mwingine."

"Chai ilijimimina yenyewe?"

Bwana Nazarali akalitazama lile doa. "Ah. Godelive, mama anayetuhudumia chai. Alimimina mpaka kikombe kikafurika. Nikamgombeza."

Philémon alimfahamu Godelive, walisali pamoja kanisani Nyantende, nje ya mji. Mumewe, Jean-Marie, alifukiwa ndani ya shimo lile. Kampuni iliwaambia wajane kwamba halitafunguka kamwe, mlima umelikalia. Basi familia ikazika shina la mgomba badala ya maiti, limevishwa shati la marehemu. Philémon mwenyewe alikuwa mmoja wa waliolibeba.

"Twende Nyantende," alisema. "Na Marcellin aje."

Godelive alikuwa ameketi kando ya kaburi nyuma ya nyumba yake, shemeji yake Camille amesimama karibu na jembe. Udongo wa kaburi ulikuwa mbichi.

"Maman Godelive, mpira iko wapi?"

"Karibu unaukanyaga, papa Philémon. Sogea kidogo."

"Nani alikufungulia mlango?"

"Marcellin. Nilimudanganya nimesahau kitenge. Alijua leo asubuhi. Mufungue, hana kosa."

Philémon akamgeukia mlinzi. "Kwa nini ulinyamaza?"

"Jean-Marie alikuwa parrain wa mutoto wangu, chef, alimusimamia kwa ubatizo."

Philémon akazifungua pingu, akamrudia mama. "Ulichukua kwa nini?"

Hakulia. "Walisema shimo halifunguki, nikaamini. Miaka yote hii naombea mugomba. Kumbe walifungua. Walipita kando ya mume wangu, wakachukua jiwe, wakamuacha. Ni kitu kimoja tu kimetoka kule alipo. Nikamuzikia."

Philémon alitafuta sala, hata ile fupi ya mezani. Haikuja.

Mwishowe akachukua jembe la Camille, akampa mwenyekiti. "Mlalamikaji ni wewe. Mali ni yako. Chimba."

Bwana Nazarali alilishika jembe. Akalitazama kaburi.

"Jana walinipigia makofi kwa historia ile," alisema polepole.

Akaliegemeza jembe ukutani, akavua kofia, na mbele ya Camille, Marcellin na inspekta akasema kwa sauti:

"Maman, leo watashindania vijiti peke yavyo. Na nitakapovikabidhi nitaisimulia historia hii upya, injinia, tuliyemwalika, akiwa ameketi mstari wa mbele, na nitaanza na jina la Jean-Marie. Huo mpira hautatoka humo mpaka mumeo mwenyewe aingie."