Tezo Isiyoshikwa

Jioni ile Claudine alivuka mto kwenda Lubunga peke yake, bila kumwambia Nadia.

Kwa kawaida walikwenda pamoja. Wao wawili ndio waliokuwa wakikusanya mtandaoni historia ya vyombo vya kale vya mafundi wa Kisangani: randa, keekee, misumeno iliyoliwa na kutu, pamoja na habari za watu waliovitumia. Claudine alisafisha, akapiga picha, akaandika mpaka macho yakamuuma. Nadia alisimulia tu kwenye video. Lakini watu waliandika nini? "Nadia, sauti yako ni asali." "Nadia, Mungu akubariki." Nadia, Nadia! Jina la Claudine hakuna aliyelijua, na kila sifa ya mwenzake ilimchoma kama mwiba.

Safari hii angepata kitu chake mwenyewe.

Mama Madina, mjane wa fundi Alfani aliyekuwa akichonga mitumbwi, alimwingiza chumba cha nyuma akimulika kwa tochi. Tezo ya marehemu, ile aliyochongea mitumbwi, ilining'inia ukutani. Mpini wake ulikuwa mweusi, unang'aa, kana kwamba umeshikwa jana.

"Piga foto, mutoto yangu," mjane alinong'ona. "Lakini usiishike na mukono. Na kama inakuuliza kitu, usijibu."

"Inauliza?"

Mama Madina alimwachia tochi, akaenda kuangalia sufuria yake ya pondu jikoni.

Picha ya kwanza ilitoka giza. Ya pili vilevile. Claudine alitazama mlangoni... hakuna mtu. Akaitungua tezo.

Ilikuwa ya moto.

Harufu ya mti mbichi ikajaa chumbani. Halafu, nyuma ya ukuta... ko... ko... ko... Mtu anachonga. Claudine alitaka kuiachia, vidole vikakataa. Pumzi ikamgusa sikioni.

"Nani anakuzidi?"

Hakufungua mdomo. Hata kidogo. Lakini moyo, kabla hajauzuia, ulishasema: Nadia.

Vidole vikalegea; akairudisha tezo ukutani, akapiga picha ya tatu, na hiyo ikatoka safi.

Aliporudi kwake Kabondo aliiweka picha mtandaoni kwa jina lake mwenyewe. Sifa zikamiminika, na safari hii zote zilikuwa zake. Alilala akitabasamu.

Asubuhi Hadidja, dada yake Nadia, alimpigia simu akilia. Claudine alimkuta Nadia ameketi kitandani, mdomo wazi, macho yamemtoka. Nadia alitaka kusema neno. Kooni ikatoka sauti kavu.

Ko... ko...

Nadia akakohoa kiganjani, akamnyooshea rafiki yake aone.

Kibanzi cha mti. Kibichi. Kina damu.

"Docteur anasema haone kitu," Hadidja alisema. "Claudine, jana mulienda wapi?"

"Sikwenda naye," alijibu Claudine. Na hilo lilikuwa kweli.

Nje ya nyumba aliifuta ile picha. Kisha akakimbilia mtoni. Alipofika kwa Mama Madina alianguka miguuni pake.

"Mama, nisaidie! Sikujibu. Sikufungua mdomo."

"Hata mimi sikufungua." Mjane aliketi polepole. "Tulikuwa bibi wawili wa Alfani kwa nyumba hii. Mwenzangu alikuwa anaimba wakati Alfani anachonga, na Alfani alikuwa anacheka. Kwangu hakucheka hata siku moja. Mimi nilikuwa nafagia vibanzi tu. Siku moja nikashika ile tezo."

"Mwenzako yuko wapi?"

"Sauti yake ilikufa kwanza, halafu yeye," alisema Mama Madina, akautazama mto.

"Na ilichochukua... inarudisha?"

"Miaka yote niko naiuliza. Mimi, hainijibu." Mjane alimkazia macho. "Ile foto, uliweka wapi?"

Claudine alieleza kwamba aliiweka mahali ambapo watu wote wanaiona. Kwamba ameshaifuta. Kwamba wengi walikuwa wameshaichukua na kuipeleka kwingine.

"Bon. Donc watu wako wanaiangalia, na yenyewe iko inawauliza," alisema mjane taratibu. "Na sasa, mwenye kusifiwa kuliko wengine ni nani?"

Claudine alitoa simu. Picha ilikuwa imeenea kila mahali, na jina lake chini yake. Maelfu walikuwa wameitazama. Baadhi walikuwa wamemsifu. Wengi hawakuandika kitu, walitazama tu.

Koo likaanza kumwasha.