Mabamba Sita ya Mlingoti

Foleni ya duka la vyuma siku ile ilifika hadi mlangoni. Mbele alisimama mwanamume mrefu, shati lake la bluu limepauka kwa jua, mkononi ana pini ya chuma aliyoifunga kwenye leso. Muuza duka aliigeuzageuza, akatikisa kichwa.

"Saizi hii hatuna."

"Haiuzwi hiyo," ikasema sauti nyuma yake. "Inakerezwa."

Aligeuka. Alikuwa mwanamke mwenye ovaroli ya kijivu na kitambaa chekundu kichwani, kidole gumba kimeingia mafuta ya mashine. Watu walimwita Fundi tu. Baba yake alipofariki alimwachia karakana ya mtaa wa nyuma, mashine ya kukereza vyuma na chumba cha juu. Humo kwa miaka mitano alikuwa akila amesimama, maana kuandaa meza ya mtu mmoja kulimtia unyonge.

Aliipokea pini, akaipitishia ukucha. Katikati ilikuwa imelika hadi imekuwa na kiuno.

"Inashika nini?"

"Waya wa mlingoti. Naishi kwenye mashua ya matanga, pale bandarini."

"Unaishi na nani?"

"Na hiyo pini."

Fundi alicheka mpaka foleni nzima ikamgeukia.

Wiki ile mwanamume hakukauka karakanani, na Fundi akambandika jina la Nahodha. Mashua aliinunua na mkewe, wakakusudia kuzunguka nayo dunia. Mke akaugua na kufa kabla hawajafika bandari ya tatu. Tangu hapo Nahodha alisafiri peke yake, na hakuna mji aliokaa zaidi ya wiki mbili. Jioni alikuwa akipiga simu.

"Umelala, Fundi?"

"Saa kumi na mbili hii nilale, nimekuwa kuku?"

"Umevaa nini?"

"Ovaroli."

"Ile ya kijivu?"

"Kwani kuna nyingine?"

"Basi umependeza, mpenzi."

Ulikuwa utani, lakini neno lile la mwisho Fundi alipanda nalo ngazi. Jumatatu Nahodha alipomwambia kwamba Alhamisi anaondoka, lilimponyoka jibu: "Alhamisi iko karibu mno."

Jumanne Fundi alikwenda mashuani kuifunga pini mpya aliyoikereza. Ilikaa sawasawa. Alipofuta mafuta kwa kitambaa, aliona mchirizi wa kutu pale bamba linaloshikilia waya lilipozama kwenye sitaha. Akakwangua. Chini ya kutu palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Nahodha, njoo uone. Hili limechoka. Yako sita, na yote ni ya umri mmoja. Lazima yatolewe."

Mabamba yalipita nyuma ya kabati la chumba cha ndani. Mkewe ndiye aliyelitengeneza, akalipaka rangi ya manjano kwa mkono wake.

"Kabati halivunjwi," alisema Nahodha.

"Halivunjwi, linafunguliwa. Mlingoti ukianguka baharini, hilo kabati litakusaidia nini?"

Nahodha alimkazia macho. "Sema kweli. Umeona ufa, au umeona Alhamisi?"

Fundi alihisi uso unamchoma. Neno alilolitoa kwa upole jana, leo anarushiwa nalo. Akakusanya vifaa vyake kimojakimoja.

"Mimi nikiongelea chuma, sidanganyi," alisema, akashuka.

Jioni ile simu haikulia, wala ya pili yake. Alhamisi mchana alijikuta amezima mashine bila sababu, amesimama katikati ya karakana akisikiliza. Hapakuwa na cha kusikiliza.

Ijumaa asubuhi Nahodha alitokea mlangoni, hajanyoa ndevu, mkononi ana vipande viwili vya bamba moja.

"Nilitoa ubao mmojammoja wa kabati ili nikuoneshe umekosea," alisema. "Nikaligonga bamba kidogo tu kwa nyundo. Likakatika."

Fundi aliviweka vipande mezani.

"Nisamehe. Nimekaa peke yangu hata mtu akinijali namwona ananiwekea mtego."

"Alhamisi niliiona," alisema Fundi polepole. "Siwezi kukataa. Lakini ufa niliuona kwanza."

Walifanya kazi siku tisa. Fundi alikata, akatoboa na kukereza. Nahodha alipiga msasa hadi mabamba yakang'aa. Kabati alilirudisha kwa skrubu, ili siku nyingine lifunguke bila kuumia. Fundi alipokaza nati ya mwisho, ilimjia kwamba ameitengeneza safari ya Nahodha kwa mikono yake mwenyewe. Mkono ulisita. Kisha akaikaza hadi mwisho.

"Twende wote," Nahodha alimwambia.

"Wewe hujui kukaa, mimi sijui kuondoka. Tutaumizana bure."

Nahodha hakumbembeleza. Aling'oa nanga kesho yake asubuhi. Fundi hakwenda kumuaga. Alikereza vyuma ambavyo hakuna mteja aliyeviagiza.

Siku ya tano simu ililia.

"Nimefika," alisema Nahodha. "Upepo ulinipiga siku mbili. Mabamba hayakutikisika."

"Na wewe?"



"Mimi nimetikisika. Nimetia nanga hapa na sioni sababu ya kwenda mbele. Fundi, nikirudi, utakubali nikuoe?"

Fundi alikaa kwenye kigoda.

"Utarudi lini?"

"Upepo wa kunirudisha bado mwezi mzima."

"Huko mabasi yanafika?"

"Yanafika. Ni mwendo wa siku nzima."

"Basi usitweke tanga. Swali kama hilo mtu huulizwa ana kwa ana. Nisubiri stendi."

Alipanda juu, akavaa gauni ambalo lilikuwa na mikunjo ya kukaa sandukuni. Aliposhuka alichukua chaki, akaandika mlangoni: *Fundi amesafiri. Atarudi Jumatatu.* Aliyatazama maandishi yale kwa muda. Akalifuta neno Jumatatu kwa kiganja, akafunga kufuli.