Blanketi la Theluji

Kila asubuhi Oiva Korpela alikamua ng'ombe. Binti yake Saimi, wa miaka kumi, aliwapa ndama maziwa. Kisha Saimi alifanya mazoezi barabarani kwa skii za magurudumu. Alilingoja shindano lake la kwanza la skii, la kuteleza kwenye theluji, Jumamosi ya kwanza ya Novemba.

Zamani, Novemba kijiji kizima kilikuwa cheupe. Siku hizi ni matope hadi Krismasi. Kwa hiyo Hilkka, mtunza njia ya skii, alilundika theluji ya Machi nyuma ya shule. Akaifunika kwa maranda ya mbao, unene wa nusu mita, ili ivuke kiangazi bila kuyeyuka hadi shindano la Novemba.

"Sasa mnaweka theluji kama viazi?" Oiva alimcheka. "Utaipika na nini?"

"Cheka tu, jirani. Novemba tutaonana."

Julai maranda ya kulalia ndama yaliisha. Kiwanda cha mbao kilikuwa kimefungwa kwa likizo. Oiva akaendesha trekta hadi nyuma ya lundo, Saimi kando yake.

"Baba, tumeomba?"

"Tumwombe nani? Theluji? Chota, mwanangu. Lundo lenyewe kama mlima."

Walijaza tela mara mbili. Upande ule yakabaki maranda ya unene wa kiganja tu.

Novemba ilipofika, kijiji kilikusanyika. Mashine ikafunua lundo. Mbele theluji ilikuwa nzuri, nyeupe. Nyuma palikuwa na shimo la maji meusi.

Hilkka alishika kiuno. "Hii haifiki hata nusu ya njia. Jumamosi hakuna shindano."

"Ni wahuni wa ng'ambo ya ziwa walioiba maranda!" mtu alisema. "Nawajua mimi!"

Wengi wakaitikia. Oiva akainamisha macho, akamwona Saimi. Mtoto alikuwa akitazama buti zake, machozi yakidondoka. Midomo aliibana. Hakumtaja baba yake.

Uso wa Oiva uliwaka katika baridi ile. Akavua kofia.

"Ni mimi," alisema. "Nilichukua maranda ya ndama. Mtoto aliniuliza kama tumeomba. Nikamcheka."

Msichana mmoja akauliza, "Kwa hiyo ndama wako wamelalia shindano letu?"

Hakuna aliyecheka. Oiva alitamani ardhi immeze.

Hilkka akamshika mkono, akauzamisha ndani ya maranda yaliyobaki upande wa mbele. "Unasikia baridi? Maranda huzuia joto lisiifikie theluji. Ni blanketi lake."

"Na theluji yenyewe, mbona haianguki kama zamani?" Oiva aliuliza.

"Kuna blanketi jingine, huko juu. Tunachoma mafuta na makaa ya mawe. Gesi yake inatanda angani, inazuia joto la dunia lisitoke. Lile kila mwaka tunalinenepesha. Na hili wewe umelivua."

"Nitarudisha maranda," Oiva alinong'ona.

"Rudisha. Lakini na lile la juu tulipunguze. Jana mazoezini walikuja watoto kumi na mmoja. Magari yalikuwa tisa!"

Majira hayo ya baridi Oiva alipita nyumba kwa nyumba. Kwenye kila mlango alianza hivi: "Mimi ndiye niliyeyeyusha theluji." Kisha alieleza habari ya mablanketi mawili. Wazazi wakakubaliana, watoto wakaanza kwenda mazoezini kwa basi moja.

Machi alileta tela kumi za maranda. Akasimamisha na kibao:

MARANDA HAYA NI BLANKETI LA THELUJI. MWAKA JANA NILILIVUA MIMI. OIVA KORPELA.

"Baba, futa jina," Saimi alisihi. "Watu watasoma!"

"Ndiyo maana nimeliandika."

Novemba theluji ilitosha njia nzima. Saimi alimaliza wa saba, akihema na kucheka. Kisha akaenda kwenye kibao peke yake. Maranda yalikuwa yameganda juu ya jina la baba yake. Akavua glavu, akalipangusa hadi likasomeka vizuri.