Injini Iliyouawa Ngezi

Marehemu alikuwa angali na joto Inspekta Théodore alipowasili uani kwa Bwana Fiacre, mtaani Ngezi. Marehemu alisimama juu ya magurudumu yake manne, boneti wazi, na chini yake dimbwi la oili nyeusi.

Mshukiwa, dereva Destin, alikwisha kutiwa pingu.

"Ni yeye," alisema Bwana Fiacre, macho yakiwa ardhini. "Ufunguo iko kwake."

"Shefu, ufunguo inalalaka ku musumari ya jikoni! Mi nilikuwa ku misa ya asubui. Uliza padiri!"

Inspekta alimgeukia fundi Paluku, aliyekizamisha kichwa ndani ya injini mithili ya tabibu.

"Chanzo cha kifo?"

"Mutu alikanyaga mafuta mpaka mwisho, shefu. Nusu saa nzima. Jirani wote walisikia."

"Kwani kukanyaga hadi mwisho huua?"

"Mara moja tu, injini ikiwa moto na oili imejaa? Hapana. Iko kitu inakataka mafuta yenyewe mbele ya hatari. Lakini hii ilikuwa baridi, na oili ilibakia kidogo. Vyuma vimekulana."

"Destin angeweza kufanya hivyo?"

"Huyu? Anaipashaka moto kila asubui kama uji ya mugonjwa!"

Inspekta aliinama. Juu ya kanyagio la mafuta palikuwa na unga mweupe. Akaunusa: muhogo. Akaingia jikoni, akatoka na jiwe la kusagia lenye alama nyeusi ya mpira wa kanyagio.

"Bwana Fiacre, injini iliponguruma ulikuwa wapi?"

"Ku dirisha."

"Ukitazama gari lako likifa nusu saa, na hukutoka?"

"Singeweza, shefu."

"Muuaji alikuwa na silaha?"

"Afazali silaha." Akaugeukia ukuta. "Jina yake siwezi kutaja. Wala kumuangalia ku sura."

Inspekta, ambaye naye alikuwa ameoa, alielewa papo hapo. Duniani kuna kiumbe mmoja tu ambaye mume hamtaji wala hamkazii macho.

"Mama mkwe wako yuko wapi?"

"Niko hapa." Mama Godelive alitoka ndani, furushi lake la safari mkononi. Bwana Fiacre alijifunika uso kwa koti. "Ni miye. Destin alinifundisha jana: 'Mama, usiikanyage ikiwa baridi, itakufa.'"

"Nilisema *usiikanyage*, mama!"

"Nilisikia muzuri, mutoto wangu."

"Nia?" aliuliza Inspekta.

"Leo walikuwa wananirudisha kwangu Iga Barrière. Binti yangu Rébecca anazaa wiki hii. Mutoto ataoshwa na nani? Gari ndiyo itamuosha?"

"Shefu!" alilia Bwana Fiacre kutoka ndani ya koti. "Muambie mama: niliita dereva sababu niliona anafunga vitu!"

"Muambie mukwe: nilifunga sababu nilisikia ameita dereva!"

Palikuwa na hatua tatu tu baina yao. Inspekta aliyapeleka maneno huku na huku kwa taadhima, kana kwamba wapo ng'ambo mbili za mto.

"Muambie abakie hata mwaka."

"Muambie nimekubali."

Inspekta alimfungua Destin pingu, akafunga daftari.

"Basi, Mama, umeridhika?"

"Bado. Muulize mukwe: mutu mwenye haangaliake oili ya gari yake, mutoto nitamuachia namna gani?"