Tundu la Moshi la Mzee Pyo

Sogeeni hapa kwenye sakafu yenye joto, na wewe uliyesimama hapo funga mlango, magoti yangu hayapendi huo upepo. Leo sina maneno matamu. Kila nikiona mtu anampiga teke paka mwenye mimba, damu inanichemka, na jana nimeliona jambo hilo hilo hapa hapa kijijini kwetu. Basi nisikilizeni. Mimi shule sikukaa sana, nasema kama mdomo unavyokuja.

Nyumba ya Mzee Pyo ni ile mnayoiona kule, yenye ukuta wa mawe unaopakana na wangu. Zamani ilikuwa nyumba ya raha. Msimu wa mavuno pilipili nyekundu zimeanikwa uani kwenye mikeka, mke wake, Mama Mallye, anachambua kabichi, na paka wao Kongi amejilaza barazani, tumbo juu, kama yeye ndiye mwenye nyumba. Aliitwa Kongi, yaani soya, kwa sababu alipookotwa alikuwa kidogo hivi, kama punje. Binti yao Mallye ndiye aliyemwokota kabla hajaolewa. Na paka yule alifanya kazi, jamani! Ghala la mpunga la Pyo lilikuwa halina panya hata wa dawa. Kwangu mimi panya walikuwa wanakaribia kuniomba chakula cha jioni.

Sasa, mwaka huo Mallye akarudi kwao kujifungua, kama mabinti zetu wanavyofanya. Na Kongi naye, tumbo limefika chini. Mzee Pyo akanuna.

"Matumbo mawili chini ya paa moja?" akafoka, mimi namsikia huku kwangu. "Moja litakula bahati ya lingine. Mtoe huyo!"

"Baba Mallye, huyu ndiye aliyekulindia mpunga wako," mkewe akamwambia.

"Mpunga umeshaingia ghalani. Atoke."

Mnasikia maneno hayo? Mpunga umeshaingia! Akamshika Kongi ngozi ya shingo akamtupa juu ya ukuta, na mimba yake. Akaangukia kwenye marundo yangu ya majani. Nikampa vichwa vya dagaa, nikamtandikia gunia. Hakukaa. Paka ana moyo wa kwao, utamwambia nini?

Mallye akajifungua mtoto wa kike. Getini ikafungwa kamba ya majani ya mpunga, imesokotwa kwa mkono wa kushoto, ikatiwa makaa na vitawi vya msonobari. Mnajua wenyewe, kamba ile ikishafungwa, mtu wa nje haingii wiki tatu. Supu ya mwani ikapikwa asubuhi, mchana na jioni. Vizuri kabisa! Mzazi anatakiwa joto, anatakiwa supu, anatakiwa utulivu. Sisi watu wa hapa hayo tunayajua sana. Ila tunayajua kwa mzazi mwenye miguu miwili tu.

Kongi naye alitaka joto. Akatafuta. Nyuma ya nyumba ya Pyo, upande wa kile chumba kidogo alichokuwa akilala marehemu mama yake Pyo, kuna tundu la moshi chini ukutani, pale moshi wa jiko unapotokea ukishapita chini ya sakafu na kuipasha joto; la kizamani, halina hata bomba. Chumba kilikuwa hakijawashwa moto siku nyingi, humo ndani pakavu, hakuna upepo. Akazalia humo.

Siku ya gulio nimekaa kwa muuza pombe ya mchele, bakuli langu mkononi, mara namwona Mzee Pyo anaingia anacheka peke yake. Kucha zimejaa udongo.

"Vipi, jirani, umelima leo?" nikamuuliza.

"Nimeziba mlango wa mgeni asiyealikwa," akasema. "Yule mwizi alikuwa ameweka watoto kwenye tundu langu la moshi! Nimengoja atoke kutafuta chakula, nikajaza mawe, nikasiliba na udongo mzuri. Sasa aone."

"Na watoto?"

"Wako ndani."

"Pyo! Wewe una mjukuu hana hata wiki mbili, unaziba watoto wa mwenzio wakiwa hai?"

"Mwenzio!" akawageukia watu. "Jamani, Babu Gwak ana ndugu paka! Mmiminieni nyingine, amelewa."

Wakacheka wote. Wanaume wazima, wana watoto nyumbani, wakacheka. Hicho kicheko bado kinanikera mpaka leo kuliko udongo wa Pyo. Nikaweka bakuli chini, nikaondoka mbio, mzee mzima, kofia mkononi. Nyuma yangu wananiimbia "miau, miau."

Nilipofika kwenye ukuta wetu, Kongi yuko pale kwenye tundu. Anakwaruza udongo, makucha yanatoka damu, analia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa paka. Lakini kilichonishtua si hicho. Niliona mdomo wa jiko la sakafu la chumba kile unatema moshi nje. Jiko limewashwa! Kuni zinawaka, moshi unapita chini ya sakafu, ukifika mwisho unakuta mawe ya Pyo, unarudi. Na usiporudi kwa jiko, unapenya nyufa za sakafu, unaingia chumbani.

Kumbe baridi ilikaza mchana ule, Mama Mallye akamhamishia binti yake na mtoto chumba kidogo, maana kinapata moto upesi. Mumewe hakumwambia kwamba ameziba tundu. Basi mama huyo akawasha kuni, akaenda mtoni kufua nepi.

Nikasimama getini. "Mallye! Mallye, mwanangu!" Kimya. Mbele yangu kamba. Miaka yangu yote sijawahi kuvuka kamba ya mzazi, wala baba yangu. Nikaishika kwa mikono miwili nikaikata.

Nilipovuta mlango wa chumba, moshi ukanipiga usoni. Mallye amelala, midomo imebadilika rangi, mtoto kifuani kwake. Nikamchukua mtoto nikamweka barazani, nikarudi nikamburuta mama yake kwa mabega. Mara Mama Mallye anaingia na beseni kichwani.

"We Babu Gwak! Umevunja kamba! Una wazimu?"

"Tundu limezibwa! Pyo kaziba tundu la moshi!"

Beseni likaanguka. Mwanamke yule alimwangalia binti yake, akasikia paka analia nyuma ya nyumba, akaelewa yote. Akanyakua kirungu chake cha kupigia nguo za kufua, akazunguka nyuma. Nasikia tu, pa! pa! pa! Udongo ukapasuka, moshi ukatoka kama ng'ombe aliyefunguliwa zizini. Na Kongi, kabla moshi haujaisha, akaingia ndani.

Akatoka na mmoja mdomoni. Akarudi. Akatoka na wa pili. Akarudi tena, akakawia, akatoka na wa tatu, huyo ameshakufa. Akamlamba. Akamlamba, akamlamba.

Barazani mtoto wa Mallye akakohoa, akalia. Sijapata kusikia kelele tamu kama ile. Mallye akafumbua macho, akatapika, akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Nikampa.

Jioni Mzee Pyo akarudi, akaona kamba chini, akanirukia. "Umeniletea mkosi nyumbani kwangu, mzee mlevi wewe!"

Mama Mallye hakupiga kelele. Alimshika mkono, akamtia bonge la ule udongo kiganjani.

"Mkosi wako huu hapa. Angalia, una alama za vidole. Ni vyangu? Ni vya paka?"

Pyo akaangalia.

Ilipoletwa supu ya mwani, Mallye akamimina nusu kwenye sahani, akaisogeza mbele ya Kongi, wakala pamoja. Wiki tatu zilipokwisha akarudi kwa mumewe na mtoto mgongoni na Kongi na watoto wake kikapuni. Baba yake akanyoosha mikono ampakate mjukuu. Mallye akamwambia, "Mikono hiyo, baba? Bado." Akapanda gari. Yule mtoto sasa anakwenda shule, na Pyo hajampakata. Huwa anakaa barazani peke yake, na panya wanapita mbele yake mchana kweupe.

FUNZO

Wapo wanaosema ni laana ya paka. Acheni upuuzi! Paka hana laana. Kuna mtu aliyeziba tundu kwa mikono yake, kisha moto ukawashwa. Mnyama ukimtumia akiwa na nguvu, akishika mimba usimtupe. Mpe pembe kavu, mpe gunia, mpe chakula, usiwashikeshike watoto wake, na kabla ya kuwasha jiko la sakafu chungulia tundu la moshi. Mzazi ni mzazi. Na nyinyi mnaocheka kwenye pombe mtu akisimulia ukatili wake, nanyi mna udongo kwenye kucha. Nendeni mkanawe.